Mafuta ya Mchaichai, Mujaaja na Karafuu Dhidi ya Wadudu wa Nyanya: Kuyakeneka, Kuyachanganya na Kuyapuliza

Mafuta tete ndiyo yanayoipa mimea kama mchaichai, mrehani, mkaratusi na mkarafuu harufu yake. Yakimgusa mdudu mdogo mwenye ngozi laini, hupenya mwilini na kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Mvuke wake humfukuza aliye karibu au kumlegeza. Kisha hupeperuka: jua, joto na upepo huyamaliza ndani ya saa chache, yakidumu sana ni siku moja au mbili. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo. Anayeyapuliza kama dawa ya dukani, mara moja kwa wiki, saa nne asubuhi, juu ya majani tu, atapoteza mafuta na nyanya pamoja.

Yanafaa kujifunza kwa sababu mbili. Tangu Tuta absoluta, nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, aingie Afrika Mashariki katika miaka ya 2010, dawa nyingi za zamani zimekuwa hazimwui tena, na wakulima wanaongeza kipimo kila msimu. Pili, kila anayenunua nyanya kwenye masoko ya Owino au Nakasero mjini Kampala amewahi kuona zile zenye vumbi jeupe la dawa ya ukungu, zilizopulizwa karibu na siku ya kuvunwa. Mafuta haya hayatibu ukungu na hayatamaliza tatizo lote. Yanaweza, hata hivyo, kupunguza sana dawa ya wadudu shambani, hasa kwenye kitalu cha miche na wiki za kwanza baada ya kuhamisha.

Wadudu wanaofikika na wasiofikika

Kabla ya kuwasha moto wa kukeneka, yaani wa kuyatoa mafuta kwa mvuke, tembea shambani mara mbili kwa wiki. Pita kwa mstari wa kupinda, kagua mimea 20, ukigeuza majani matatu kwa kila mmea: la juu, la kati na la chini. Gonga kichala cha maua juu ya karatasi nyeupe uone kinachodondoka.

Inzi weupe hukaa chini ya majani. Wakubwa huruka ukitikisa mmea, ila watoto wao, vidude bapa vya rangi ya manjano hafifu, hung'ang'ania jani na hawasogei. Hao ndio windo bora la mafuta. Vidukari nao hufa kwa urahisi. Utitiri mwekundu hufanya majani yawe na vidoadoa, kisha utando mwembamba. Huongezeka kwa kasi miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari na tena Juni na Julai kwa mikoa ya kati na kusini ya Uganda. Hufa ukiguswa, lakini utando ukishafunga mmea mzima, matone hayamfikii. Thiripi, wadudu wembamba na wadogo sana, hujificha ndani ya maua na kwenye mikunjo ya chipukizi, hivyo utawapata baadhi tu.

Tuta, au kantangaze, anahitaji uelewa zaidi. Jike anaweza kutaga mayai yapatayo 260 maishani mwake, mengi kwenye majani machanga ya juu. Katika joto letu yai huanguliwa kwa siku nne au tano hivi, na kiwavi hutoboa jani au tunda muda mfupi baadaye. Akishaingia, anakula katikati ya ngozi mbili za jani na mafuta hayamgusi. Mafuta yanaweza kumfukuza jike asitage, kuharibu sehemu ya mayai, na kumwua kiwavi aliyetoka tu kuanguliwa. Majani yenye michirizi myeupe yachume, yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uyaache juani siku kadhaa. Usiyatupe pembeni mwa shamba.

Funza aliyekwisha kuingia kwenye tunda hafikiki. Mnyauko wa bakteria na baka la majani si wadudu kabisa. Wengi hupuliza mafuta kwa mmea ulionyauka ghafla ukiwa bado kijani. Huo ng'oa, kata shina, chovya kipande kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi wa maziwamaziwa unashuka, ni bakteria.

Mmea upi

Mchaichai, unaoitwa kisubi Buganda, ndio wa kuanzia. Unaota karibu kila mahali, hukatwa tena baada ya miezi mitatu hivi, na mafuta yake yana sitrali nyingi, kiambata chenye harufu ya limau, mara nyingi zaidi ya sehemu 65 kwa 100. Mujaaja, yaani mrehani mkubwa wa porini, ni mzuri pia, lakini mafuta yake hutofautiana sana toka mahali hadi mahali: mengine yamejaa kiambata cha yujenoli, mengine cha thaimoli. Kwa hiyo kila shehena ya mujaaja ijaribiwe upya. Kawunyira, ile bangi mwitu yenye harufu nzito inayoota mashambani baada ya mavuno, hutoa mafuta yenye nguvu. Mkenekaji avae glavu maana majani yake huwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Mkaratusi una tahadhari yake. Miti mingi iliyopandwa Uganda kwa ajili ya mbao na nguzo ni aina ya grandis au chotara zake, na majani yake hayana mafuta mengi. Ukifikicha jani likanuka kama limau, hiyo ni aina ya citriodora, na hiyo ndiyo inayofaa kazi hii.

Mafuta ya karafuu ni makali kuliko yote hapa. Yujenoli yake, ikipulizwa kwa kipimo kikubwa, hutumika kuua magugu. Usivuke mililita 2 kwa lita kwenye nyanya.

Mwarobaini uko kundi jingine. Mafuta yake hukamuliwa kutoka kwenye mbegu, hayapeperuki, na hufanya kazi polepole kwa kuzuia mdudu asile na asikue. Ni mshirika mzuri wa kupokezana naye.

Kukeneka mwenyewe

Anayejua jinsi waragi ya kienyeji, yaani gongo, inavyotolewa tayari anajua nusu ya kazi: chombo cha kuchemshia, bomba la shaba, na maji baridi ya kupozea. Tofauti ni kwamba hapa majani hayachemki ndani ya maji. Yanakaa juu ya wavu, na mvuke hupita katikati yake.

Tafuta chombo cha chuma cha pua cha lita 60 hivi chenye mfuniko. Usitumie pipa lililowahi kubeba dawa, rangi au mafuta ya gari, hata likioshwa mara ngapi. Weka wavu sentimita 20 hadi 25 juu ya sakafu ya chombo, kisha mimina maji mpaka yabaki vidole vinne chini ya wavu. Toboa mfuniko, unganisha bomba la shaba la mita tatu au nne, lizungushe ndani ya ndoo kubwa au pipa la maji baridi, na ncha yake itokee chini.

Kata mchaichai umande ukishakauka. Uache kivulini unyauke kwa siku moja. Hivyo unapoteza maji na chombo kinabeba majani mengi zaidi. Katakata vipande vya sentimita 3 hadi 5. Pakia kilo 12 hivi, ukishindilia kidogo tu. Ukishindilia sana, mvuke hutafuta upenyo mmoja na majani mengine yanabaki na mafuta yake. Ukiacha mianya, mvuke unapita bure.

Ziba ukingo wa mfuniko kwa donge la unga wa ngano. Usifunge kwa bolti wala kuchomelea. Bomba likiziba, donge litapasuka kwanza na mvuke utapata njia; mfuniko uliokazwa kwa chuma unaweza kulipuka na kuua mtu.

Washa moto wa wastani. Matone yakianza, hesabu saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Gusa maji yanayotoka kwenye bomba: yanapaswa kuwa baridi au vuguvugu tu. Yakiwa ya moto, au ukiona moshi wa mvuke kwenye ncha, mafuta yanakwenda angani. Badilisha maji ya kupozea na punguza kuni. Karibia nusu ya muda angalia maji chini ya wavu, kwa kuwa chombo kikikauka majani huungua na mafuta yatanuka moshi.

Pokea kwenye chupa ya kioo yenye shingo nyembamba. Mafuta ya mchaichai huelea, hivyo yavute kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Ya karafuu huzama. Maji yanayobaki chini yana harufu na mafuta kidogo. Yatunze siku hiyo uyatumie kama sehemu ya maji ya kuchanganyia.

Utapata kiasi gani? Mchaichai hutoa gramu 2 hadi 5 za mafuta kwa kila kilo ya majani mabichi. Kilo 12 zitakupa mililita 25 hadi 65, na 40 ni makadirio salama. Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kukuamulia utumie wapi. Ploti ya futi 50 kwa 100 yenye nyanya zilizokomaa hutumia bomba mbili za kupulizia za lita 16 kwa mpulizo mmoja, yaani mililita 128 za mafuta kwa kipimo cha 4 kwa lita. Mipulizo mitatu inadai zaidi ya kilo 100 za majani. Kitalu cha mita moja kwa tano, kwa upande mwingine, hutosheka na lita moja ya mchanganyiko na mililita 2 za mafuta. Mkeneko mmoja unalinda kitalu mpaka miche ihamishwe, na unabaki na akiba ya shamba changa. Mwenye ekari nzima asijaribu kuifunika yote kwa mafuta ya kukeneka nyumbani.

Ukiwa huna mtambo

Kuchemsha majani kwenye sufuria wazi na kupuliza maji yake hakusaidii kitu. Mafuta hayayeyuki kwenye maji, na yale yaliyotoka yamekwenda na mvuke jikoni. Afadhali hivi: nusu kilo ya mchaichai ulionyauka, uliokatwa na kutwangwa, tia kwenye chupa ya kioo pamoja na lita moja ya mafuta ya alizeti, funika, kisha weka chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka kwa saa tatu. Chuja kwa kitambaa. Tumia mililita 10 kwa lita ya maji pamoja na mililita 5 za sabuni. Ni hafifu kuliko mafuta tete halisi, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na alizeti, inayoziba matundu ya mdudu ya kupumulia. Kwa vidukari na watoto wa inzi weupe inatosha. Acha angalau siku saba kabla ya kurudia, maana mafuta mazito yakirundikana huziba jani pia.

Ukinunua, weka tone moja kwenye karatasi nyeupe usiku kucha. Mafuta tete safi huondoka, pengine yakiacha kivuli kidogo cha rangi. Yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya kupikia huacha doa la mng'ao lisilokauka. Manukato ya dukani na mafuta ya kupaka yenye harufu ya limau si kitu hicho.

Kuchanganya kwa bomba la lita 16

Vipimo kwa lita moja ya maji: miche ya kitalu mililita 2 za mafuta ya mchaichai, mimea michanga 3, mimea iliyokomaa 4. Ukifika 5 uwe umejaribu kwanza. Ukivuka 10 utachoma majani. Sabuni iwe ya maji, isiyo na dawa ya kung'arisha, mililita 3 hadi 5 kwa lita. Sabuni ya unga ya kufulia ina chumvi na soda zinazounguza.

1. Pima kwa bomba la sindano, si kwa jicho wala kifuniko. Kwa lita 16 za mimea iliyokomaa: mafuta mililita 64, sabuni mililita 64 hadi 80.
2. Weka sabuni na mafuta pamoja kwenye chupa kavu, funga, tikisa mpaka vishikane na kuwa kitu kimoja kizito.
3. Ongeza kikombe cha maji vuguvugu, tikisa tena. Sasa iwe nyeupe kama maziwa.
4. Jaza bomba nusu kwa maji safi, mimina mchanganyiko, kisha ujaze lililobaki taratibu lisifanye povu.
5. Chota glasi moja, iache dakika 10. Ikibaki nyeupe sawasawa, endelea. Pete ya mafuta ikielea juu, ongeza mililita 1 ya sabuni kwa lita na utikise upya.

Hatua ya tano hurukwa sana, na ndiyo inayookoa shamba. Mafuta yaliyojitenga huelea ndani ya bomba: mistari ya kwanza inapata maji matupu, na mistari ya mwisho inapata mafuta makavu yanayochoma. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi hugandisha sabuni iwe mabonge. Hapo tumia maji ya mvua. Tikisa bomba kila baada ya dakika chache unapotembea, na umalize mchanganyiko siku hiyohiyo.

Kujaribu na kupuliza

Puliza mimea mitano kwanza na uingoje saa 48. Kingo zilizokauka, mabaka yanayoonekana kama yamelowa, au maua yanayodondoka maana yake ni punguza robo ya kipimo na ujaribu tena. Aina za nyanya hazivumilii sawa. Jaribio la aina ya MT56 halikwambii lolote kuhusu ile chotara uliyopanda upande wa pili.

Mwagilia asubuhi, kwa sababu mmea wenye kiu huungua haraka. Anza kupuliza saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa limepoa na nyuki wamepungua shambani. Wakati huo inzi weupe pia wamelegea. Kusiwe na upepo wala dalili ya mvua usiku huo. Tumia nozeli ya matone madogo, geuza ncha iangalie juu, na ingiza mkono chini ya mmea: kazi yote iko upande wa chini wa majani. Acha pale matone yanapokaribia kuanza kudondoka. Kinachotiririka ardhini ni mafuta ya bure.

Rudia baada ya siku nne, mara tatu mfululizo. Siku nne zinatokana na yai la Tuta: ukichelewa hadi saba, mayai yaliyokwepa mpulizo wa kwanza yameshaanguliwa na viwavi wameingia ndani ya majani. Kwa inzi weupe na utitiri siku tano zinatosha. Baada ya raundi tatu kagua tena, na kama hesabu haijashuka, geukia mwarobaini au dawa ya bakteria ya Bacillus thuringiensis. Hizo kiwavi anaweza kuzila, ilhali mafuta lazima yamguse.

Kwenye kitalu anza mapema, miche ikiwa na majani mawili ya kweli, na ufunike kwa neti yenye matundu madogo. Inzi mweupe hueneza virusi vya kukunja majani akifyonza kwa muda mfupi tu, na hakuna mafuta yatakayomwua kila mmoja kabla hajafyonza. Neti inamzuia, mafuta yanashughulikia wachache waliopenya. Mche uliokunjamana na kuwa manjano kingoni ng'oa siku hiyohiyo.

Mambo yanayoharibu kazi

Salfa ndiyo hatari kubwa. Mafuta yakikutana na salfa kwenye jani huunguza vibaya. Acha siku 14 kati yake, mbele na nyuma. Usichanganye mafuta na dawa ya ukungu ndani ya bomba moja. Kama lazima upulize zote, ziachane siku tatu au nne.

Ukiona wadudu wengi walewale siku mbili baada ya mpulizo, kagua kwanza upande wa chini wa majani kama ulilowa. Mara nyingi kosa liko hapo, kabla ya kulaumu mafuta. Kosa linalofuata ni mafuta yaliyozeeka: mchaichai uliokaa kwenye chupa nyeupe dirishani hugeuka mzito na mweusi na kupoteza nguvu. Tunza kwenye kioo cha kahawia, kilichojaa hadi shingoni, mahali penye ubaridi, chenye jina na tarehe.

Wadudu marafiki, kama mdudu kibibi wa madoa anayekula vidukari, hufa wakiguswa kama wengine. Kwa vile mafuta hayabaki, wale wa pembezoni hurudi baada ya siku chache. Acha mistari miwili ya ukingo bila kupuliza kama wadudu waharibifu hawajafika huko.

Usalama, mavuno na biashara

Kutoka kwenye mmea hakuyafanyi kuwa maji. Mafuta yasiyochanganywa huunguza ngozi na macho, na mililita chache za mafuta ya mkaratusi zikimezwa na mtoto zinaweza kumtia degedege. Vaa glavu na miwani unapopima, fungia chupa mbali na watoto, na usikae nayo karibu na jiko kwani inawaka. Usioshe bomba karibu na bwawa la samaki. Lioshe kwa maji ya sabuni mara mbili ukimaliza, likiwemo koki na mpira wa kuzuia kuvuja. Sitrali hulainisha mpira, na bomba lililoachwa na mchanganyiko usiku kucha litaanza kuvuja mgongoni.

Vuna kabla ya kupuliza, siyo baada. Ukishapuliza subiri siku mbili au tatu, harufu iishe kwenye ngozi ya tunda. Karafuu hukaa muda mrefu kuliko mchaichai.

Kutumia mafuta yako kwenye nyanya zako ni jambo moja. Kuyatia kwenye chupa zenye lebo na kuyauza kama dawa ya wadudu ni jambo jingine: dawa za kilimo zinazouzwa Uganda husajiliwa kupitia Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi. Anayefikiria biashara aanzie kwenye ofisi ya kilimo ya wilaya yake kabla ya kununua chupa.